Mwenye Mlango na Funguo Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake marehemu, na ninyi mliofika leo shingo upande kwa sababu ya yale mambo ya mwaka 2005, familia inawashukuru wote kwa kuja, na inawaomba mvumilie mpaka mwisho, maana historia hii ina mahali ambapo baadhi yenu mtatamani kuinuka mwende zenu. Anayeisoma ni mdogo wake marehemu, karani mstaafu wa masjala, ambaye kwa mazoea ya ofisini, ambako anayeandika hajitaji, ameandikwa humu kama mdogo wake marehemu na si zaidi. Tarehe zote za kabla ya Septemba mwaka huu zimetoka katika karatasi mbili alizoziandika marehemu mwenyewe akiwa kitandani, nazo zimenakiliwa kama zilivyo, isipokuwa kwenye mwaka 2004 na 2005, ambapo aliacha nafasi tupu ya upana wa vidole vinne, na pembeni akaandika: "Hapa ataandika mdogo wangu, akitaka." Nafasi hiyo imejazwa jana asubuhi, baada ya kufutwa mara tatu.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 3 Juni 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba fundi bomba na mama mfua nguo wa hospitali, na kwa miaka minane alikuwa peke yake, akijifanya mkubwa wa nyumba, mpaka mdogo wake alipozaliwa mwaka 1957 na kumnyang'anya kitanda. Alianza shule ya msingi Januari 1956, shule ile ya mwisho wa barabara ya viwanda, akamaliza Novemba 1963, na walimu walioandika ripoti zake walikubaliana juu ya mambo mawili tu, kwamba hesabu anaziweza na kwamba ni mbishi. Akiwa darasa la sita aliuliza mbele ya mwalimu mkuu kwa nini madawati yanapekuliwa wakati wanafunzi wako uwanjani, akasema wapekue, lakini mwenye dawati awepo, akachapwa viboko vinne, akarudi darasani na kusimama kando ya dawati lake hadi kengele ya kwenda nyumbani.

Januari 1964 alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi kufuli mmoja mkali karibu na stesheni, akakaa naye miaka tisa na ushee, na Jumatatu ya tarehe 1 Oktoba 1973 akafungua duka lake, chumba cha hatua tano kwa nne, kati ya duka la vitambaa na kinyozi, lenye jiliwa moja ya chuma ya kubania funguo, tupa kumi na mbili zilizopangwa kwa ukubwa, na taa ya mezani aliyoikunja shingo ili imulike mikono bila kumuumiza macho. Alikuwa na desturi moja iliyowakera wenye haraka, nayo ni kwamba hakufungua mlango wowote wala kuchonga ufunguo wowote kabla ya kuuliza, "Mwenye mlango yuko wapi?", na kama hayupo basi kazi haifanyiki, hata aje mume kwa mlango wa chumba cha mkewe, hata aje mwenye nyumba kwa mlango wa mpangaji, hata waje askari na gari lao. Aliyechongewa aliondoka na funguo zake zote, dukani hapakubaki nakala wala orodha ya wateja, na ndipo watu wakambandika jina la Mwenye Mlango, akalipenda, akalichora kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha duka.

Asije mtu akadhani alikuwa na ugomvi na serikali. Kodi alilipa kabla ya siku, siku ya kura alikuwa wa kwanza kwenye foleni na mwavuli wake, na askari wakija na karatasi ya hakimu, na mwenye mlango akaitwa akasimama pale, alifungua bila kinyongo, kama alivyofanya mwaka 1979, 1986, 1991 na 1998, na zote nne ameziandika. Alichoamini ni kwamba serikali ni ya lazima lakini kazi zake ni chache, kuwalinda watu, kuamua kesi, kumzuia mwenye nguvu asimwonee mnyonge, na kwamba nje ya hapo mtu mzima aachwe aendeshe maisha yake, auze anachotaka, aseme anachofikiri, akosee kwa hasara yake mwenyewe, na hata ndani ya hizo kazi chache, alisema, serikali nayo ipige hodi. Mdogo wake, aliyeajiriwa manispaa tangu mwaka 1978, alikuwa akimpinga kila Jumapili juu ya ubao wa drafti, akimwambia kwamba watu wakiachwa hivi hivi watafanya ujinga, na marehemu akimjibu, huku akimla kete mbili kwa mpigo, kwamba hao wanaowazuia nao ni watu, tena wenye mihuri. Ilikuwa raha tupu, na mdogo wake hakushinda hata Jumapili moja.

Tarehe 12 Aprili 1975 alifunga ndoa na mama huyu aliyekaa hapa mbele, fundi cherehani, ambaye siku ya kwanza ya kuingia nyumbani alikabidhiwa ufunguo wake akaambiwa kwamba mwingine anao mume na wa tatu haupo duniani. Walijaliwa watoto watatu, binti mkunga aliyezaliwa 1976, mwana dereva wa lori aliyezaliwa 1979, na kitindamimba mfuga kuku aliyezaliwa 1984, na hakuna hata mmoja aliyechaguliwa kazi wala mchumba. Mwana alipokataa kurithi duka, marehemu aliumia, hakuficha, alinuna siku mbili nzima, ila siku ya tatu alitoka akamnunulia koti la safari.

Sasa tumefika kwenye nafasi tupu.

Tarehe 22 Novemba 2003 nyumba ya bibi mmoja mfuma vikapu iliungua naye akiwa amejifungia ndani, majirani wakaugonga mlango kwa benchi mpaka wakachoka, na mdogo wake marehemu alikuwa mmoja wa walioshika lile benchi, na alisikia bibi akiita, na akasikia alipoacha kuita. Kwa hiyo Februari 2004, ofisi ya manispaa ilipotaka agizo la usalama, yeye ndiye aliyekaa akaliandika, kwamba kila mchonga funguo apeleke ofisini nakala ya kila ufunguo anaouchonga, ikiwa na alama ya duka na kibandiko cha nyumba, zihifadhiwe kwa siku ya dharura, na fundi ambaye kufikia tarehe 30 Juni atakuwa hajapeleka, leseni yake ifutwe. Hakuliandika kwa ubaya, na aliliona zuri, akalipeleka dukani kwa kaka yake Jumapili kama mtoto anayepeleka ripoti nyumbani.

Marehemu alilisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema bibi yule alimuuma hata yeye, na dawa ni kila mtu ampe jirani anayemwamini ufunguo wa akiba, kwa hiari yake, naye yuko tayari kuzichonga hizo bure, na kweli alizichonga, nyumba sitini na zaidi mwaka huo, wengine mnazo mpaka leo. Lakini ofisini hapeleki. "Bwana mkubwa wako wa leo ni mtu mwema, sikatai," alimwambia. "Wa kesho umeshamwona?" Mdogo wake alicheka, akamwambia kaka, umezidi wasiwasi, na njiani kurudi akaanza kuogopa, kwa sababu alimjua kaka yake, na alijua kwamba tarehe 30 Juni duka litafungwa kwa agizo lililoandikwa na mdogo wa mwenye duka.

Jumatatu ya tarehe 7 Juni 2004 marehemu alishikwa na homa kali, akalala nyumbani wiki mbili, na kwa kuwa mdogo wake alikuwa na likizo, na ujanani alikuwa amefundishwa kazi dukani humo, aliombwa amshikie duka, na agizo alilopewa lilikuwa moja tu, asichonge bila mwenye mlango kuwepo. Alilitii. Wenye milango walikuja wenyewe, wakasimama mbele yake, wakapiga naye soga, wakamwambia wanakaa nyumba ipi, naye akachonga ufunguo mmoja akawapa, na walipogeuka akachonga wa pili, akaugonga alama ya duka, duara lenye nukta katikati, akautia mfukoni. Kufikia Jumamosi ya tarehe 19 zilikuwa arobaini na moja. Akazifungia vibandiko kwa mwandiko wake mzuri wa masjala, akazipeleka ofisini, na kwenye daftari la mapokezi akaandika kwamba zimeletwa na Mwenye Mlango kwa hiari yake. Alijiambia anamwokoa kaka yake. Hakumuuliza kama anataka kuokolewa, kwa sababu jibu alilijua.

Marehemu alipopona akashangaa tarehe 30 imepita na leseni ipo, akauliza, na mdogo wake akamwambia mambo yamepita pembeni, kaka, wameamua kukuacha. Hapo ndipo dhambi ilipokolea. Marehemu alifurahi mno, akawa anasimulia kwa kinyozi, kwa muuza vitambaa, kwa kila mwenye masikio, kwamba alisema hapana na ofisi ikaheshimu, na kwamba manispaa ina watu waungwana kuliko alivyodhani, akarudia hayo kwa miezi kumi na saba, na mdogo wake akiyasikia alikuwa anainama kuzipanga kete za drafti ambazo zilikuwa tayari zimepangwa.

Bwana mkubwa yule mwema alihamishwa Machi 2005, akaja mwingine. Jumatano ya tarehe 16 Novemba 2005 mwalimu mstaafu, ambaye familia inashukuru kumwona hapa, alitoka kwenda kumwangalia mgonjwa, na alikuwa akikusanya saini za wafanyabiashara waliokataa soko lao kuhamishwa. Aliporudi alikuta mlango umefungwa vizuri, kitasa kizima, dirisha zima, na karatasi za saini hazipo, na waliozichukua walikuwa na haraka kiasi cha kuusahau ufunguo ukining'inia kitasani. Watu sita walioweka saini walipoteza vizimba vyao kabla ya mwisho wa mwezi, na mmoja wao, muuza viatu, hakuinuka tena.

Kesho yake mwalimu alikuja dukani na ule ufunguo, na mdogo wake marehemu alikuwepo, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango na kikombe cha chai mkononi. Mwalimu aliuweka mezani, alama ya duka juu. "Mlango wangu niliukabidhi kwako," alisema, "na kumbe ulikuwa na bei." Marehemu aliuchukua, akausogeza chini ya taa, akaugeuza upande huu na upande ule, akakaa nao kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuusoma ufunguo, na hakumtazama mtu yeyote. "Umetoka katika duka hili, mwalimu," alisema. "Sina la kujitetea." Mdogo wake alikuwa na nafasi ya kusema wakati mwalimu anatafuta leso, akawa nayo tena mwalimu alipofika mlangoni, na akawa nayo jioni yote walipokuwa wawili tu, na alichofanya ni kunywa chai yake mpaka ikaisha.

Mnayajua yaliyofuata, kwa sababu ni ninyi mlioyafanya, na hamna lawama, mliambiwa uongo. Marehemu alitangaza kwamba yeyote aliyewahi kuchonga ufunguo kwake aje abadilishiwe kitasa, na kuanzia tarehe 21 Novemba 2005 hadi Julai 2006 alibadilisha vitasa mia moja na kumi na viwili, akipiga magoti kwenye vizingiti vya watu waliokuwa wakimfungia mlango usoni usiku uleule. Vilivyohitajika kubadilishwa vilikuwa arobaini na kimoja. Sabini na kimoja vilibadilishwa kwa sababu mtu aliyejua orodha alikuwa amemeza ulimi. Kazi ikakatika, duka likafungwa tarehe 30 Desemba 2006, kibao chekundu kikashushwa, mama akahamishia cherehani yake chumbani maana wateja wake nao waliona haya kumpitia, na wale waliokuwa wakimsikia akijigamba kwamba alisema hapana wakawa wanampigia makofi barabarani kwa kejeli. Kuanzia Januari 2007 hadi Desemba 2015 alikuwa fundi wa bawaba na madawati katika shule ileile alikochapwa viboko, na huko, kwa taarifa ya mwalimu mkuu, alikuwa hatengenezi dawati mpaka mwenye dawati aitwe.

Jumapili za drafti ziliendelea. Hakuuliza, na mdogo wake akajifariji kwamba hajui.

Marehemu alianza kuugua tumbo mwezi Machi 2017, akapimwa, akatibiwa, akapata nafuu, na Agosti 2018 hali ikabadilika, akalazwa katika hospitali ya mkoa, wadi ya wanaume, kitanda cha pembeni kwenye dirisha. Tarehe 2 Septemba alimpa mdogo wake zile karatasi mbili, zikiwa zimeviringishwa kuzunguka kitu kigumu, na kilipofunguliwa kilikuwa ule ufunguo wa mwalimu. "Meno yamelala upande," alisema. "Wewe unatumia mkono wa kushoto, tangu ujanani nilikukemea. Niliyajua kabla mwalimu hajamaliza maneno yake." Mdogo wake, machozi yakimtoka, alimuuliza kwa nini alinyamaza karibu miaka kumi na mitatu, kwa nini hakumtaja wala kumlazimisha aseme.

"Kinywa ni chako, mdogo wangu. Mimi sifungui mahali ambapo mwenyewe hayupo."

Madaktari walishauri upasuaji, marehemu akasikiliza vizuri, akauliza maswali yake, akakataa, akaomba kurudi nyumbani. Tarehe 5 Septemba, akiwa amelala kwa dawa, muuguzi alimletea mdogo wake fomu, akamweleza kwamba ndugu wa karibu anaweza kuweka saini, na mdogo wake akashika kalamu, akaifikisha kwenye karatasi, kwa sababu alitaka kaka yake aishi, alitaka angalau miaka miwili ya kumwomba radhi kidogo kidogo. Kisha akaiweka chini. Hajui kama alifanya vema, na hatajua, kwa maana safari moja alimwamulia kaka yake akamharibia, na safari nyingine akamwachia aamue na sasa anamzika. Binti mkunga anasema baba alipata alichokitaka. Baba mdogo wake anamshukuru kwa kusema hivyo, na bado hapati usingizi.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 11 Oktoba 2018, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mke wake akimshika mkono, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani kama alivyoomba, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo mmoja.

Familia inawashukuru madaktari waliokubali kukataliwa na wakaendelea kuja kumtuliza maumivu, wauguzi wa wadi ya wanaume, kinyozi na muuza vitambaa waliobaki kumsalimia wakati salamu zilikuwa adimu, mwalimu mkuu aliyempa kazi bila kujali maneno ya mtaa, na wafanyakazi wenzake wa shule waliobeba jeneza leo. Kwa mwalimu mstaafu, kwa wale sita wa sokoni na watoto wa muuza viatu, hapa si shukrani zinazotakiwa, ni radhi, na itakuja kuombwa mlangoni kwa kila mmoja, kwa hodi, na asiyetaka kufungua asifungue. Kwa shemeji, aliyebeba aibu isiyo yake na kumkaribisha mwenye aibu hiyo mezani kila Jumapili, maneno hayapo.

Funguo zenyewe ziko katika lile kopo la biskuti kando ya daftari la rambirambi. Zilitolewa ofisini tarehe 30 Juni 2012, siku mdogo wake alipostaafu, zilikuwa kwenye droo ya mihuri ya zamani na hakuna aliyeziulizia, na ule wa mwalimu umeunganishwa nazo jana. Hazifungui chochote, marehemu alihakikisha hivyo. Lakini kila moja ina kibandiko chenye mwandiko mtakaoutambua, na atakaye achukue wake, na asiyetaka auache.

Nilisema mwanzoni kwamba ofisini anayeandika hajitaji, na kila mahali katika karatasi hii nimeandika mdogo wake. Daftari la mapokezi la mwaka 2004 lina uongo, na napenda kulisahihisha mbele ya jeneza na mbele ya wenye milango. Si Mwenye Mlango aliyezipeleka. Ni mimi, kaka, kwa mkono wangu wa kushoto, na hakuna aliyenilazimisha. Pumzika kwa amani.